Friji Ilipotolewa Ndipo Tulipojua Tunadaiwa Wote Wawili

Jumanne iliyopita nikiwa kwenye daladala narudi Mbagala, nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayenisoma. Anaishi Kivule, huu ni mwaka wake wa nne kwenye ndoa, ana mtoto mmoja. Alikopa shilingi 120,000 kwenye programu ya simu ili amalizie kodi ya nyumba. Akachelewa kurejesha siku tatu, na wale jamaa wakaanza kutuma meseji kwa kila mtu aliyemhifadhi kwenye simu yake, wakimwita tapeli. Meseji moja imemfikia wifi yake, nyingine imemfikia ustadhi anayemfundisha mtoto. Mume bado hajui. Swali lake lilikuwa hili: "Dada, nielekeze mahali penye mkopo wa riba nafuu nilimalize hili kabla baba watoto hajasikia."

Niliusoma mara tatu mpaka nikapitiliza kituo. Nikamjibu kwa kifupi kwamba simwelekezi popote, na najua amenichukia. Leo namjibu kwa kirefu, kwa sababu swali hilo hilo niliwahi kuwauliza watu mimi, tena kwa sauti ile ile ya kubembeleza, na kila niliyemuuliza alinionyesha mlango mwingine wa kukopa akidhani ananiokoa.

Mimi na Baba Rahma tulioana mwaka 2013. Yeye ni mwalimu wa sekondari ya serikali, mimi ni mfanyabiashara wa mitumba. Mwaka 2021 nilikuwa na meza yangu nzuri soko la Karume pale Ilala, nauza viatu vya watoto. Wanaojua biashara hii wanajua kwamba mwaka mzima unaishi kwa kungoja miezi miwili: Desemba ya sikukuu na Januari ya kufungua shule. Mwezi Novemba nikachukua mkopo wa kikundi, shilingi 1,500,000, kurejesha 1,800,000 kwa wiki 24, yaani 75,000 kila Jumatano. Nikafungua mabelo mawili, na viatu vilikuwa vizuri kweli. Baba Rahma sikumwambia.

Kwa nini sikumwambia? Nina sababu mbili, na zote mbili bado zinaniuma. Ya kwanza, dada yake aliwahi kudhalilishwa na mikopo hii ya vikundi huko Temeke, mpaka masufuria yakachukuliwa, na Baba Rahma akaapa kwamba ndani ya nyumba yake marejesho hayataingia. Ya pili ni somo yangu, mwanamke aliyenifunda. Nilipokuwa naolewa niliwekwa ndani nikafundwa, na jambo nililokaririshwa kuliko yote ni kwamba mwanamke hamwonyeshi mwanaume kibindo chake. Nikalibeba hilo kama amana. Hakuna aliyenifundisha kwamba kibindo chenyewe kinaweza kuwa na shimo.

Usiku wa kuamkia Jumapili, Januari 16, 2022, simu ililia. Jirani yangu wa meza alikuwa analia tu, haongei. Nikapanda bodaboda na kanga mbili, nikafika Karume anga ni jekundu. Kulipokucha tuliruhusiwa kusogea kidogo, na pale ilipokuwa meza yangu nilikuta soli za viatu zimeyeyuka zikashikana kama uji mweusi. Wiki ya kufungua shule ndiyo ilikuwa inaanza.

Baba Rahma alinikuta nimekaa chini pembeni ya barabara. Akaniinua, akanifuta masizi usoni kwa leso yake, akasema: "Mali ni ya Mungu, Mama Rahma. Angalau hatudaiwi na mtu."

Angalau hatudaiwi. Nilikuwa na wiki 16 mbele yangu, shilingi 1,200,000. Ule ndio ulikuwa wakati wangu wa kusema. Ameniinua mwenyewe, amenishika mkono, soko zima limeungua, hakuna mume ambaye angenigombeza asubuhi ile. Nikanyamaza. Kila nikikumbuka makosa yangu yote ya fedha, na ni mengi, kosa ninalolirudia kichwani ni ule ukimya wa barabarani.

Jumatano yake, Januari 19, nilikwenda kwenye kikundi. Tulikuwa wanawake kumi, tunadhaminiana. Mnakaa kwenye mabenchi barazani, afisa mikopo anahesabu, na hakuna anayeinuka mpaka marejesho ya wote kumi yatimie. Nilikuwa na 40,000. Wenzangu wakanichangia 35,000, na mmoja wao, aliyeacha sufuria ya maharage jikoni, alisema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Leo kwa sababu ya moto. Wiki ijayo sijui itakuwa nini." Sikumlaumu na simlaumu. Lakini nilitoka pale nimeazimia kwamba kwenye benchi lile sitapungukiwa tena.

Basi nikaingia kausha damu. Mama mmoja mtaa wa pili, anakopesha kwa asilimia 30 kwa mwezi. Mwezi Februari nikachukua 300,000. Mwezi ukiisha natakiwa kulipa 390,000, sina, nalipa riba ya 90,000 tu na deni linabaki vile vile. Nikaongeza tena hadi likafika 500,000. Kikundi nilikimaliza Mei, kwa heshima zote, na wenzangu wakanipigia makofi. Makofi yale yalikuwa ya fedha ya mtu mwingine.

Sasa njoo upande wa pili wa kitanda, ambao mimi wakati ule sikuuona.

Mshahara wa mwalimu ukiutazama kwenye karatasi unapendeza. Kabla haujafika mkononi unapita kwenye makato: mfuko wa pensheni asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, kodi ya serikali, mchango wa chama cha walimu, na kwa aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Juu ya hapo Baba Rahma alikuwa na mkopo wa benki wa miaka sita tulioununulia kiwanja Chanika na kujengea msingi. Mkopo huo niliujua. Kwa hiyo mkononi alikuwa anapata kama 320,000. Watumishi wanaelewa: makato yakishafika pale, huruhusiwi kukatwa zaidi, lazima ibaki theluthi moja ya mshahara. Utaratibu huo umewekwa kumlinda mtu. Ila mtu akishafika ukingoni na shida ikamjia, benki inamfungia mlango, na nje ya benki kuna watu wanaomsubiri wakijua hivyo.

Wanaomsubiri huwa hawataki hata dhamana ya friji. Wanachukua kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, anayekwenda kwenye mashine ni mkopeshaji. Anatoa chake, kinachobaki anakupa kama unavyompa mtoto hela ya andazi. Baba Rahma aliacha kadi yake kwa mtu wa namna hiyo mwezi Machi 2022, kwa 400,000, riba asilimia 20. Sababu ilikuwa mimi. Aliona biashara imeungua, akaona mke wake haombi kitu, akaogopa kwamba nitavunjika, akataka chakula kisipungue mezani na nisijue kwamba kimetafutwa.

Ada ya Rahma ndiyo iliyotumaliza. Tulimpeleka shule ya kulipia, hizi za kufundisha kwa Kiingereza, ada kwa awamu, kila awamu 280,000. Mkataba wetu wa mdomo ulikuwa nusu kwa nusu. Julai 2022, Jumapili jioni, taa imewashwa, Baba Rahma akaweka noti kumi na nne za elfu kumi kumi juu ya kitambaa cha meza. Nami nikatoa zangu kumi na nne kwenye mkoba. Akazipanga pamoja, akazigonga kusawazisha kingo, akafunga na mpira. Akasema alhamdulillahi. Nikasema alhamdulillahi.

Zangu zilikuwa zimetoka kwa mkopeshaji wa pili, kijana mmoja wa Kizuiani, niliyemkopa 350,000 wiki ile ile kwa asilimia 30. Zake zilitoka kwa yule mwenye kadi, aliyemwongezea 300,000 ya ada na matibabu ya mama mkwe wangu Kilosa. Kila mmoja wetu aliona noti za mwenzake akajiambia, kumbe mwenzangu yuko sawa, mwenye tatizo ni mimi peke yangu, nikaze. Mimi nilikopa ili nisimwangushe mwanaume aliyekopa ili asiniangushe mimi. Ada ile ya 280,000 ilikuwa inatugharimu riba ya 70,000 kila mwezi, yangu 42,000 na yake 28,000, na tulilala usingizi upande kwa upande bila kujua.

Kuanzia Agosti alikuwa analeta nyumbani hela pungufu. Nilipouliza akasema Bodi ya Mikopo wameanza kumkata. Bodi walikuwa wanamkata tangu mshahara wake wa kwanza, na karatasi ya mshahara ilikuwa kabatini, kwenye bahasha ya kaki, mkono wangu unafika. Sikuifungua. Mwenye siri yake haendi kupekua ya mwenzake.

Halafu Oktoba, Jumamosi, saa moja asubuhi. Niko uani nachambua dagaa. Hodi. Yule kijana wa Kizuiani ameingia na vijana wawili na mkokoteni uko nje. Kabla sijafungua mdomo, Baba Rahma akatoka chumbani na msuli na singlendi, amekunja uso, anaongea kwa sauti ya chini ya mtu anayezuia aibu: "Kaka, si tulikubaliana tarehe ishirini na tano? Kadi anayo bosi wako. Nyumbani kwangu umefuata nini?"

Kijana akamtazama. Akasema, "Mzee wangu, shikamoo. Mimi sikufahamu. Nimemfuata mama."

Sijui ilipita muda gani. Nakumbuka nilikuwa nimeshika dagaa mmoja bila kichwa. Baba Rahma alinigeukia, nami nikamgeukia, na katika uso wake niliona kwanza hasira, halafu hesabu, halafu kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake tangu tuoane. Nilikiona kwa sababu nilikuwa nacho mimi pia.

Friji ilikuwa na barafu za ukwaju arobaini na kitu, nilizokuwa nauzia watoto kwa mia mia. Nikaomba niitoe mizigo kwanza. Nikazijaza kwenye ndoo, nikasimama mlangoni, nikawagawia watoto wa mtaa bure, saa moja na nusu asubuhi, wakati vijana wanalifunga friji kwa kamba kwenye mkokoteni. Watoto walifurahi sana. Jirani mmoja alitoa simu akapiga picha. Naandika hili mwaka wa tatu umepita na bado sijamsamehe kwa moyo wangu wote, Mungu anisaidie.

Usiku ule hatukugombana. Wengi hawaniamini nikisema hivyo. Rahma alipolala, Baba Rahma alichukua kaunta buku mpya ya shule, kwire mbili, akaandika tarehe juu, akapiga mstari katikati kama anavyopiga ubaoni. Upande mmoja akaandika "Mama R", mwingine "Baba R". Akasema, "Anza wewe au nianze mimi?" Nikaanza na deni la Mangi dukani, 86,000, kwa sababu ndilo dogo na mdomo ulikuwa umekauka. Likafuata la kikoba cha kuweka na kukopa, si kile kikundi cha Jumatano, 400,000. La mama wa mtaa wa pili, 500,000. La kijana wa friji, 350,000. Akaandika bila kuinua macho. Halafu akaandika ya kwake: kadi, 700,000. Mwalimu mwenzake, 150,000. Tukajumlisha, ikaja 2,186,000, ukiacha benki.

Kilichotuvunja nguvu hakikuwa jumla. Ilikuwa safu ya pembeni ambayo aliiongeza mwishoni, ya riba kwa mwezi. Mia hamsini elfu, mia na tano elfu, mia na arobaini elfu. Shilingi 395,000 kila mwezi, riba tupu, wakati mshahara unaofika mkononi ni 320,000. Hata tungeacha kula, tungeacha kulipa kodi, tungetembea kwa miguu mpaka Ilala, tusingeweza kulipa riba. Na mtu wa kadi alikuwa ameshalipwa riba ya laki sita huku deni lake halijapungua hata shilingi.

Mimi ni Mwislamu, na nilikuwa nalia zaidi kwa sababu ya riba yenyewe kuliko fedha. Baba Rahma akaniambia jambo ambalo nililisoma madrasa nikiwa mdogo na sikulitia akilini: aya ndefu kuliko zote ndani ya Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni, na amri yake ya kwanza ni kuliandika. Sisi tulikuwa tumeficha kile tulichoamrishwa kukiandika.

Miezi kumi na sita iliyofuata sitaisimulia yote, haina utamu. Nitataja yale yaliyouma. Rahma tulimtoa shule ya kulipia, Januari 2023 akaingia shule ya msingi ya serikali hapa hapa mtaani. Mama mkwe alikasirika, shemeji wakasema nimemfilisi kaka yao, na mtu mmoja wa karibu kwetu alisema mbele za watu kwenye arusi kwamba wengine wanaoa wake, wengine wanaoa madeni. Nililimeza. Rahma sasa anashika nafasi za juu darasani kwake na Kiingereza chake baba yake anamfundisha jioni, na naomba wale waliosema wasome sentensi hii vizuri.

Kadi tuliirudisha kwa kukaa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti aliwaita, mwenye kadi na kijana wa friji, na tulikwenda na kaunta buku yetu. Baba Rahma alisoma tarehe na kiasi, mstari kwa mstari. Mtu akisomewa hesabu yake mbele ya mwenyekiti na mihuri ya mtaa mezani, sauti yake hubadilika. Wa kadi alikubali kusimamisha riba na kulipwa mtaji wake kidogo kidogo. Wa friji alikubali kulihesabu kwa 200,000, friji tuliyoinunua kwa 620,000, na 150,000 iliyobaki tukailipa kwa miezi mitatu. Mama wa mtaa wa pili alikataa mwezi mzima, akanitukana, mwisho akakubali. Tuliandikiana, tukaweka saini, kila mmoja nakala yake. Mimi nilirudi Karume bila meza, napanga viatu chini kwenye turubai, na alfajiri nakaanga maandazi. Februari 2024 tulipiga mstari deni la mwisho, la kikoba.

Sasa wadogo zangu, nisikilizeni.

Deni usilifiche kwa mume, na mume usilifiche kwa mkeo. Najua mtasema dada unarudia jambo moja. Nalirudia kwa sababu ndilo. Watu wananiandikia wakitaka mbinu, wanataka mfumo wa bahasha, wanataka asilimia ngapi iende wapi. Bahasha ni nzuri, nimezitumia. Lakini bahasha zinagawa hela unayoijua. Nyumba yetu sisi ilikuwa na watu wawili wanaojua kuhesabu, mmoja ni mwalimu wa hisabati kabisa, na tulizama kwa sababu kila mmoja alikuwa na nusu ya hesabu.

Kuhusu kibindo, sitaki kugombana na akina somo na makungwi. Akiba ya siri naielewa. Kuna wanawake ambao wakionyesha elfu kumi inakwenda baa usiku huo huo, na kuna wanaopigwa. Mwanamke wa hali hiyo na ajiwekee, sitamhukumu. Deni la siri ni kitu kingine. Akiba ya siri siku ikifichuka mtagombana, lakini hela ipo. Deni la siri likifichuka, linafichuka likiwa limezaa. Msichanganye mambo haya mawili mnapowafunda mabinti, nawasihi.

Na kaka zangu nao. Mwanaume ukimwachia mkopeshaji kadi yako na namba ya siri, umempa mtu baki ufunguo ambao mke wako hana. Fikiri hilo. Mke hajui mshahara unaingia lini, lakini yule anajua mpaka saa. Unasema unamlinda mkeo asihangaike. Anahangaika tayari, anaona sukari inanunuliwa robo badala ya kilo, anajitungia sababu zake mwenyewe, na nyingi ya sababu hizo ni nyumba ndogo. Mimi miezi miwili nilikuwa na hakika kwamba Baba Rahma ana mwanamke Tandika.

Jambo la nyumba na kiwanja. Yule wa kadi alikuwa ameanza kudai karatasi zetu za Chanika, na Baba Rahma alikiri kwamba alishazitoa kabatini mara moja akazirudisha. Binti wa mama mkubwa wangu, ambaye amesomea sheria, alitueleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na kifungu cha 114 kinasema mahakama ikigawa mali za wanandoa wanaoachana, itaangalia pia madeni ambayo mmoja aliyakopa kwa manufaa ya wote. Nililisoma mara mbili. Kumbe hata sheria inajua kwamba kuna deni la mtu mmoja ambalo ni la wawili. Ukiletewa karatasi ya kusaini ridhaa, isome, uliza, chukua siku tatu. Ukiambiwa saini haraka gari linasubiri, usisaini.

Michango pia. Dar es Salaam hii ukiitikia kila kadi ya sendofu na kitchen party, utachangia mpaka jeneza lako. Sisi tulikubaliana kiasi kimoja kwa mwezi, 30,000, ikiisha imeisha, na anayekuja tarehe 28 na kadi ya rangi ya dhahabu anaambiwa mwezi ujao. Tumepoteza marafiki wawili. Tuliowapoteza hawakuwepo siku ya mkokoteni.

Kila tarehe 25 mpaka leo tunakaa na kaunta buku. Sasa tupo ya tatu. Kuna miezi hakuna cha kuandika upande wa madeni, Baba Rahma anaandika "hakuna" pande zote mbili na kupiga mstari, kwa sababu anasema nafasi tupu inaweza kujazwa na mtu usiku. Friji tumenunua, ndogo, kwa fedha taslimu. Barafu za ukwaju nimerudia.

Narudi kwako wewe wa Kivule. Kwanza hiyo programu, angalia kama ina leseni ya Benki Kuu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe nayo, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Meseji wanazotuma kwa ndugu zako usizifute, zipige picha, zitunze, ni ushahidi. Na usichukue mkopo mwingine kulipa huu, hata wa shemeji, hata wa kikoba.

Halafu leo. Wifi yako anajua tangu Jumapili, kwa hiyo leo ndiyo siku, kesho itakuwa imesemwa na mtu mwingine kwa maneno mengine. Mwache ale kwanza. Mtoto alale. Usianze kwa kulia, na usianze na sababu, anza na namba: mia na ishirini elfu, riba kiasi hiki, nilichukua tarehe hii. Mpe daftari na kalamu aandike mwenyewe. Ukishamaliza yako nyamaza, hata kama kimya ni kirefu, usikijaze. Mwache akae na ile kalamu. Anaweza akawa na lake.